Slabu nje ya zizi la ng'ombe, mita 9 kwa 5 (Njoro): fundi anataka inchi 4, 1:3:6 na niru juu. Ni sawa?

NgombeSita_Njoro

Habari zenu wakuu. Nataka kumwaga slabu mbele ya mlango wa zizi, huku Njoro, Nakuru. Eneo ni mita 9 sambamba na ukuta wa zizi na mita 5 kwenda nje. Ng'ombe sita wa Friesian watapita hapo asubuhi na jioni wakienda kukamuliwa, wilbaro ya samadi kila siku, na pikapu ya majani ya nepia itarudi kinyumenyume hadi karibu na mlango. Udongo ni ule wa kijivu wa majivu ya volkano: kiangazi ni vumbi tupu, mvua ikinyesha unachimbika ovyo. Paa la zizi halina gata.

Fundi amenipa mpango huu: kuchimba inchi 4, kumwaga moja kwa moja juu ya udongo, mchanganyiko wa 1:3:6 (simiti, mchanga, kokoto), bila BRC (wavu wa chuma), halafu niru (uji laini wa simiti unaopakwa na kulainishwa) juu ili pasafishike kwa urahisi.

Naomba kujua unene unaofaa, simiti ngapi, BRC inahitajika au ni gharama bure, na hiyo niru niikubali au la. Mikisa sina, tutakoroga kwa mkono.

FundiMjengo_Kondele

Ndugu, mpango huo usiukubali ulivyo. 1:3:6 ni konkriti ya kusawazishia chini ya msingi, ile inayofunikwa na haionekani tena. Ina mifuko minne na nusu hivi ya simiti kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiiacha wazi, kwato na mkojo vitaila uso, kokoto zianze kujitokeza, na hapo ndipo ng'ombe wanapoumia miguu.

Lakini hata kabla ya simiti, shida yako iko chini. Majivu ya volkano yakiwa makavu na yameshindiliwa yanabeba mzigo vizuri tu. Maji yakipita ndani yake, yanayachukua na kuacha pango. Juu slabu inaonekana nzima, kumbe kona imebaki hewani, na siku pikapu ikikanyaga hapo inakatika pembetatu. Kwa hiyo gata kwanza. Maji ya paa yaende kwenye tanki au mtaro, yasidondoke kwenye ukingo wa slabu.

Chimba uondoe udongo wote wenye mizizi na samadi. Hesabu ya kina kutoka uso wa slabu uliokamilika: konkriti sentimita 12.5, murramu (udongo wa changarawe) au vumbi la kokoto sentimita 5, mawe ya hadikoo (tabaka la mawe ya chini) sentimita 15. Jumla 32.5. Uso wa slabu mlangoni uwe chini ya sakafu ya zizi kwa sentimita 3 hadi 5, maji ya mvua yasirudi ndani. Kutoka hapo teremsha 1 kwa 50, yaani kwa mita zako 5 ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 10. Weka mteremko huo tangu kwenye hadikoo. Fundi akiweka chini tambarare halafu atafute mteremko kwenye konkriti, utalipia unene usiouhitaji upande mmoja na kupata slabu nyembamba upande wa pili.

Mawe ya hadikoo yapangwe kwa mkono, makubwa chini, mapengo yajazwe na madogo, yashindiliwe kwa mashine ya kukodi au kwa gogo zito la mikono miwili. Usirundike zaidi ya sentimita 15 kwa mara moja, maana nguvu ya kushindilia haifiki chini. Murramu juu yake iloweshwe kidogo na ishindiliwe hadi kisigino cha buti kisiache shimo.

Kwenye pande tatu za nje, nenepesha ukingo: upana wa sentimita 25, kina cha 25 badala ya 12.5. Hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya maji kuchimba kutoka pembeni. Upande wa ukuta wa zizi usiunganishe slabu na ukuta. Weka kipande cha polisterini cha milimita 10 hadi 12 urefu wote wa mita 9, slabu iweze kusogea bila kuusukuma ukuta wala kupasuka.

Unene wa inchi 5 unatosha kwa ng'ombe na pikapu. Kama kuna siku trekta na trela, au lori la chakula cha ng'ombe (dairy meal), litapanda hapo, nenda sentimita 15 na uongeze vyuma laini vya milimita 12 kwenye maungio (mistari inayogawa slabu vipande), urefu sentimita 40, kila baada ya sentimita 30, nusu moja ikiwa imepakwa grisi ili slabu ziteleze bila kupandana.

KokotoKakamega

Naunga mkono ya Kondele. Niongeze vifaa na hesabu, maana hapo ndipo watu huibiwa.

Tumia 1:2:3. 1:2:4 ni ya slabu ya ndani ya nyumba. Hapo kwako kuna mkojo, maziwa yanayomwagika na pengine maji ya sileji (majani yaliyochachushwa), na vyote hivyo hula konkriti; maziwa na sileji vina asidi au vinageuka kuwa asidi. Ikiwa utaweka sileji jirani, hata 1:1.5:3 si anasa.

Ujazo: 9 × 5 × 0.125 ni mita 5.6 za ujazo. Ule ukingo mnene unaongeza 0.6 hivi. Weka asilimia 5 ya kupotea, unafika 6.5. Kwa 1:2:3 mita moja inakula mifuko 7.4, kwa hiyo 48. Nunua 50. Mchanga mita 3.4 za ujazo, ambazo ni tani tano na nusu hivi. Kokoto mita 5, tani saba na nusu. Hadikoo ikishashindiliwa ni mita 6.75, kwa hiyo agiza 8.5. Murramu agiza 3.

Kipimo kisiwe koleo wala karai. Koleo la mchanga hujaa, koleo la simiti humwagika, na jioni kibarua akichoka mchanganyiko unakuwa kitu kingine. Tengeneza kasha la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 30 na kimo 30. Hiyo ni lita 36, karibu sawa na mfuko mmoja wa kilo 50, ambao una lita 35. Mfuko mmoja, makasha mawili ya mchanga, makasha matatu ya kokoto, basi. Kitu kimoja cha kuangalia: mchanga wenye unyevu huvimba, kasha likijaa linaweza kuwa na mchanga pungufu kwa asilimia 20 hivi. Ukiwa umelowa kiasi hicho, jaza kasha kwa kilima badala ya kulikata sawasawa.

Mchanga upimwe kabla lori halijamwaga. Chukua chupa ya plastiki nyoofu, tia mchanga hadi sentimita 5, jaza maji yenye kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache kwa saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Likizidi milimita 3, lori lirudi. Mchanga wenye tope unataka maji mengi, na tope likishika kokoto simiti haishiki.

Kokoto ziwe za milimita 20, ngumu, zenye pembe. Huko kwenu Nakuru kuna mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, mengine huelea. Yanafaa kwa kuta, hayafai kwa uso unaosuguliwa na kwato. Gonga jiwe kwa nyundo: gumu hulia, bovu hutoa sauti ya kufa na kubomoka.

BRC weka, A142, waya wa milimita 6 kwa matundu ya milimita 200. Karatasi za mita 4.8 kwa 2.4 zinakutosha nne kamili ukigawa slabu katika paneli sita za mita 3 kwa 2.5. Kila paneli inataka kipande cha 2.9 kwa 2.4, nafasi ya sentimita 5 kila upande. Kata 2.9 kutoka kila karatasi, unapata paneli nne. Yanabaki mapande manne ya 1.9. Unganisha mawili mawili yakipishana kwa sentimita 90, unapata mbili zilizobaki. Hakuna hata tundu linalotupwa. BRC isipite kwenye maungio.

Na ikae juu! Kazi yake hapa ni kubana nyufa za usoni, kwa hiyo iwe sentimita 4 hadi 5 chini ya uso. Fundi atakwambia "tutaivuta na ndoano tukimwaga". Haivutiki, watu wameikanyaga tayari. Tengeneza vijiti vya simiti vya kimo cha sentimita 7, vifunge chini ya waya kila baada ya sentimita 60 hadi 80.

Kano_Mpunga

Samahani kuingilia. Mimi niko Ahero, udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia. Hii hadikoo ya sentimita 15 itanitosha?

FundiMjengo_Kondele

@Kano_Mpunga hapana. Udongo huo huvimba na kunywea, unainua slabu kwenye mvua na kuiangusha kwenye kiangazi. Toa wote kama ni wa kina kifupi. Kama hauishi, toa angalau sentimita 60 na urudishe murramu kwa tabaka za sentimita 15, na ule murramu uzidi ukingo wa slabu kwa mita moja kila upande. Usijaze kwa mchanga, mchanga utageuka bwawa chini ya slabu na kulisha ule udongo mweusi maji mwaka mzima. Mtaro wa kuzunguka lazima. Mengine yote ni kama ya ndugu wa Njoro.

NgombeSita_Njoro

Asanteni sana. Nimeelewa chini na hesabu. Paneli sita, je, zinamwagwa zote siku moja halafu zikatwe? Na karatasi ya nailoni chini mmesahau au haihitajiki? Pia dukani kuna simiti ya 32.5 na 42.5 (madaraja ya nguvu), ipi?

KokotoKakamega

Kwa kukoroga kwa mkono usijaribu mita 6.5 siku moja. Mwaga kwa kurukaruka kama mraba wa drafti. Safu ya ukutani: ya kwanza na ya tatu. Safu ya nje: ya katikati. Siku hiyo unatumia mifuko 23 hivi. Kesho yake toa mbao za ndani, na kesho kutwa mwaga tatu zilizobaki. Kila paneli inapata muda wa kunywea kabla jirani yake hajaja, na maungio yanajitengeneza yenyewe, hakuna grainda. Kwenye ule ukingo wa konkriti ya kwanza paka oili chafu kidogo au lami, ili mpya isishikane nayo.

Kipimo cha mita 3 si cha kubuni. Maungio huwekwa umbali wa mara 24 hadi 30 ya unene, na 12.5 mara 24 ni mita 3. Ukimwaga mita 9 nzima, slabu itajichagulia pa kupasukia, na haitachagua mstari mnyoofu.

Nailoni mimi siweki nje. Hakuna chumba cha kulinda na unyevu. Konkriti juu ya nailoni inapoteza maji upande wa juu tu, maji yanapanda kwa muda mrefu, fundi anakosa subira, na uso ukikauka kuliko chini kona hunyanyuka. Lowesha murramu jioni na tena asubuhi, uwe na unyevu bila madimbwi. Inatosha.

FundiMjengo_Kondele

Hapo tunatofautiana kidogo. Murramu wa Nakuru mara nyingi ni mkavu na una vitundu, juu ya majivu yanayokunywa maji. Ukilowesha vibaya, unakunywa uji wa simiti na kuacha konkriti ya chini yenye mapengo. Nailoni ya unene wa geji 1000 inakupa uhakika, na inaruhusu slabu kuteleza inaponywea. Kama msimamizi ni makini, lowesha. Kama utakuwa kazini na vibarua wako peke yao, tandika nailoni.

Simiti: 32.5 ya hapa kwetu kwa kawaida imechanganywa na pozolana (majivu laini ya volkano), inapata nguvu polepole lakini inafika. 42.5 inapata haraka. Kwa slabu ya nje yenye asidi na kwato ningechukua 42.5. Ukichukua 32.5 usipunguze kipimo, na umwagiliaji uurefushe. Chochote utakachochukua, bonyeza mfuko: vidonge visivyovunjika kwa vidole maana yake umenyonya unyevu.

Kukoroga: juu ya bati au turubai, si juu ya udongo. Simiti na mchanga kwanza vikavu, geuza mara tatu hadi rangi iwe moja. Tia kokoto, geuza tena. Maji mwisho. Kwa mfuko mmoja maji yote yasizidi lita 25, pamoja na yale yaliyo ndani ya mchanga, na mchanga ulionyeshewa unaweza kubeba lita 5 kwa makasha mawili. Kwa hiyo anza na lita 18, yaani mtungi wa 20 usiojaa, kisha ongeza kwa kikombe. Ipige kwa mgongo wa koleo: ikifunga uso na kung'aa bila maji kutiririka, iko tayari. Vibarua watataka iwe uji kwa sababu uji unasukumika kwa urahisi. Kila lita ya ziada unalipia kwa vumbi na nyufa.

Mpigarula_Kisumu Ndogo

Naona mmefika kwenye kumwaga, basi niseme ya juu, maana slabu nyingi huharibiwa na watu wenye haraka baada ya konkriti nzuri kumwagwa.

Mbao za pembeni ziwe inchi 6 kwa 1, zilizonyooka, na vigingi kila sentimita 60 upande wa nje. Juu ya mbao ndiyo njia ya ubao wako wa kusawazishia, kwa hiyo mteremko uupime hapo kwa uzi na pima maji kabla ya tone la konkriti. Anza alfajiri. Nakuru kuna upepo wa mchana unaokausha uso, hasa Januari na Februari, na upande wetu wa ziwa mvua hupenda kuja alasiri. Ukimaliza kumwaga saa nne, umeponea yote mawili.

Mwaga karibu na inapokaa. Usirundike katikati halafu uvute kwa reki, kwa sababu kokoto hubaki nyuma na uji huenda mbele. Choma pembezoni na ule ukingo mnene kwa chuma cha milimita 16 ili hewa itoke, hapo ndipo matundu hujificha. Watu wawili wavute ubao mnyoofu kwa mwendo wa msumeno, wa tatu ajaze mabonde mbele yake. Pitia mara ya pili. Kisha kibao kirefu cha mbao mara moja, kuzamisha kokoto na kufunga uso, na ulifanye hilo kabla maji hayajaanza kupanda.

Halafu acha!

Maji yatapanda na kukaa juu kama jasho. Usiyaguse, usirudishe ndani kwa mwiko, na usinyunyize simiti kavu ili "kuyakausha". Simiti kavu inatengeneza ganda jembamba lenye nguvu tofauti na lililo chini yake, na ganda hilo hupasuka vijistari kama ramani, kisha hubanduka. Maji ukiyafanyia kazi yakiwa juu, unatengeneza tabaka la uji dhaifu usoni, na slabu itatoa vumbi kila ukifagia. Yakizidi sana, yavute pembeni kwa kamba au mpira uliolazwa chini.

Subiri hadi mng'ao upotee na buti liache alama ya milimita 5 hivi. Hapa Kisumu kwenye joto inaweza kuwa saa mbili, Njoro asubuhi ya baridi inaweza kufika nne. Angalia uso, usiangalie saa. Ndipo upige kibao cha mbao kwa mviringo, kuondoa mabonde, na uviringishe kingo za paneli zisimeguke.

Chuma cha kulainisha kibaki garini. Na ile niru, kataa kabisa. Niru ni ya sebuleni. Juu ya slabu ya nje haishiki vizuri kwa sababu chini imeshakauka, jua na maji vinaitenganisha, na ikigongwa inalia utupu. Ikilowa samadi, ng'ombe wa kilo 600 anateleza na kupanua miguu ya nyuma, na huyo hasimami tena kwa urahisi.

MamaMaziwa_Molo

Hilo la kuteleza ndilo hasa lililonileta hapa. Ufagio peke yake hautoshi mahali ng'ombe wanapogeuka na kusukumana mlangoni. Michirizi ya ufagio huisha kwa kukwanguliwa na koleo la samadi kila siku. Pigeni mifereji: upana milimita 10, kina milimita 10, kila baada ya sentimita 8 hadi 10, ikikatiza mwelekeo wa kutembea. Kifaa ni rahisi, chuma cha mraba au duara cha milimita 12, vipande vitano vilivyochomelewa chini ya bati nene lenye mpini mrefu, kibonyezwe konkriti ingali laini. Mkikibonyeza mapema mno, mfereji hujifunga. Mkichelewa, kinavunja kingo.

Tatizo ni kwamba mifereji inayokatiza njia ya ng'ombe pia inaweza kukatiza njia ya maji, na mkojo ukabaki humo. Kwenu ng'ombe wanatoka mlangoni kwenda nje, na maji yanaelekea huko huko, kwa hiyo mifereji itapinga maji. Iwekeni mshazari, nyuzi 45 hivi. Kwato inashika na maji yanatoka. Kisha fagieni kwa ufagio wa nailoni ngumu, mkiusuuza kila baada ya mapito mawili.

Vilima vinavyonyanyuka kando ya mfereji vibonyezwe kwa kibao. Vikikaukia hapo vinakuwa wembe kwa nyayo za kwato. Hata mkibonyeza, kabla ya kuingiza mifugo buruteni tofali zito la simiti juu ya slabu nzima mara kadhaa ili lisugue ncha kali, kisha fagieni na kumwaga maji mengi. Konkriti mpya ina chokaa kali inayolainisha na kuunguza kwato, hivyo kuosha si kwa ajili ya usafi tu. Ng'ombe aliyezoea udongo laini asisimame siku nzima kwenye konkriti mpya wiki ya kwanza, kwato zake hazijazoea kusagwa.

NgombeSita_Njoro

Mshazari sikuwa nimeufikiria kabisa. Kumwagilia ni siku ngapi, na ng'ombe wapite lini? Siwezi kuwafungia ndani mwezi mzima.

Mpigarula_Kisumu Ndogo

Anza pale uso usipoacha tena alama ya kidole, ambayo ni jioni hiyo hiyo. Siku ya kwanza usimwage maji kwa ndoo kutoka juu, yatachimba. Funika kwa nailoni au magunia yaliyoloweshwa, uweke mawe pembezoni upepo usifunue. Kuanzia kesho yake unaweza kuzungushia kingo za udongo na kuacha maji sentimita 2, ingawa kwenye mteremko wako yatakaa upande mmoja, kwa hiyo magunia ni bora. La muhimu ni kwamba yasikauke hata mara moja. Kulowesha asubuhi na jioni, kukiwa kukavu mchana kutwa, ni kuinyima konkriti maji na kuirudishia kwa zamu, na uso hupata nyufa kwa namna hiyo. 42.5 siku 7, 32.5 siku 10 hadi 14.

Mvua ikija saa moja baada ya kumwaga, funika haraka kwa turubai lililoinuliwa juu ya mbao, lisiguse uso. Ikiwa imeshapiga na kufichua mchanga, subiri maji yatoke, pitisha kibao cha mbao, na usiongeze simiti.

Ng'ombe baada ya siku 10 kwa 42.5, wiki mbili kwa 32.5, wakipita tu. Pikapu siku 28. Wakati huo huo wapitishie upande wa pili, au mwaga kwa awamu mbili: kwanza kamilisha mita 6, uache mita 3 kama njia, kisha ugeuze. Hapo mpangilio wa drafti unabadilika, lakini paneli ni zile zile.

KokotoKakamega

Ukigawa hivyo, hesabu ya BRC haibadiliki, lakini usinunue mifuko yote 50 siku moja. Nunua 33 kwanza. Iliyobaki ikikaa stoo yenye sakafu ya udongo karibu na zizi itanyonya unyevu.

Na maungio usiyaache wazi. Baada ya siku 28 yasafishe kwa waya, yakauke, ujaze lami ya moto iliyochanganywa na mchanga mkavu. Kwenye udongo wako kila tone la maji ya samadi linalopita kwenye ungio linaenda kuchimba yale majivu. Kagua kila kabla ya mvua za Machi. Lami hunywea na kuachia upande mmoja.

FundiMjengo_Kondele

Kabla ya kumlipa fundi awamu ya mwisho, pitisha nyundo ndogo juu ya kila kona na kila ukingo. Sauti nzito ni sawa. Ikilia utupu, chini hakukushindiliwa, na ni rahisi kumrudisha angali anakudai. Mwaga ndoo mbili za maji mlangoni pia, uangalie yanakoelekea.

NgombeSita_Njoro

Nimemwonyesha fundi mjadala huu. Amekubali yote isipokuwa mifereji ya mshazari, anasema hajawahi kuipiga. Tutafanya jaribio kwenye kipande cha mita 1 nyuma ya zizi kwanza, kwa mfuko mmoja.

MamaMaziwa_Molo

Mfuko mmoja kwa 1:2:3 utawapa kama mita 1 ya mraba kwa inchi 5, kwa hiyo mwageni yote na mpige nusu mapema, nusu baada ya dakika 30. Mtaona wenyewe ni wakati gani mfereji unabaki.